Alamu ya mtoto aliyesahaulika kwenye basi la shule: kitufe cha nyuma au sensa?

Kwa Coaster za shule hapa Arusha, anza na kitufe. Kinafungwa karibu na kiti cha mwisho. Dereva akizima gari, king'ora kinalia hadi aende kukibonyeza. Hivyo analazimika kupita viti vyote.

Vifaa: rilei 2 (swichi zinazoendeshwa na umeme), diodi 1 (hupitisha umeme upande mmoja tu), fyuzi ya ampea 5 jirani na betri, na kitufe kinachokata umeme kikibonyezwa. Pima volti kwanza. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24. Rilei ya volti 12 itaungua koili. Rilei ya kwanza inajishikilia funguo ikiwashwa, yaani inabaki imewaka hadi kitufe kibonyezwe; ya pili inapeleka umeme kwenye king'ora funguo ikizimwa. Diodi ndiyo wengi wanairuka: bila hiyo umeme unarudi laini ya funguo, king'ora hakilii, na gari linaweza kugoma kuzimika. Badala ya kitufe usiweke swichi ya taa, itaachwa imezimwa.

Waya wa nyuma ukikatika mfumo unanyamaza, na mitikisiko ya barabara za vumbi hulegeza viungo vya kusokota. Tumia terminali za kubana, na kila asubuhi zima bila kubonyeza, usikilize.

Sensa ya infraredi ni rahisi kufunga, waya 3 tu. Lakini inasoma tofauti ya joto: basi likiwa juani na ndani kukikaribia nyuzi 37, yaani joto la mwili, mtoto haonekani vizuri. Akilala nyuma ya mgongo wa kiti ndiyo kabisa. Iwe nyongeza, na fyuzi yake peke yake.