"Kwani hukujua hapa ni kata?"

Nianze na lile benchi nje ya ofisi ya taaluma, shule yetu ya kata, sekondari ya serikali ya watoto wa mtaani hapa. Mguu mmoja mbovu, ukikaa lazima ujikaze usidondoke. Nilikaa hapo karibu asubuhi nzima, wiki moja ya mvua, sufuria la supu ninayouza nimemwachia mdogo wangu, kwa swali moja tu: binti yangu yuko kidato cha tatu, mbona daftari lake la fizikia jeupe tangu shule ifunguliwe?

Mwalimu wa taaluma, kijana ningeweza kumzaa, hata shikamoo hakunipa. Alikuwa anamenya karanga, maganda yanadondokea karatasi za alama za watoto wa watu. Akanijibu bila kuinua macho: "Wewe mama, kwani hukujua hapa ni kata? Ukitaka fizikia mpeleke praiveti." Na mlangoni pake pana bango kwamba Kiswahili ni marufuku eneo la shule. Mimi nilidharauliwa kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Matokeo ya kidato cha nne nimeyaona, msinisimulie. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya 2022, kwa hiyo unaingia mwenyewe kwenye tovuti unakodoa macho. Kwetu divisheni wani utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Zilizojaa ni divisheni foo, ya mwisho kabla ya kufeli, zile za pointi 26 hadi 33, na sifuri zinazifuata kwa karibu. Darasa moja watoto 80 na ushee. Miaka saba ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka Kiingereza. Ni watoto wa bodaboda, wa mama ntilie, wa wapangaji wa chumba kimoja. Wenye nazo walishahamisha wao zamani. Asubuhi konda anawaacha kituoni kwa sababu nauli yao ndogo, wakifika wanachapwa kwa kuchelewa. Ada kweli ilifutwa tangu 2016, lakini hela ya mlinzi, hela ya fotokopi, hela ya mtihani wa mwezi… hayo hayaitwi ada.

Nikaapa namhamisha. Nikaulizia praiveti moja. Ada yake ni supu ya mwaka mzima, na mchuzi wake.

Binti akalia. Hataki kumwacha mwalimu wa hesabu, na huyo kumbe si mwajiriwa, ni wa kujitolea, anapewa kiposho kinachochangwa na sisi hao hao wa kata. Nilimkuta siku moja jua linazama, mfuko wa shati umejaa vumbi la chaki, watoto kama ishirini wamemzunguka ubaoni, na hela ya tuisheni hadai. Binti aliyezoea kuniletea F za hesabu, muhula uliopita kaleta C. Nilirudia kuisoma ile karatasi, nikaipeleka mpaka kwa muuza chapati.

Sasa jirani mtoto wake kachaguliwa hapo hapo, kanifuata ushauri. Nikamwambia asithubutu, akahangaike na uhamisho mapema. Nilimaanisha. Juzi nikamwona kwa fundi anabembeleza bei ya sare, nikamwita ndani nikampa sketi mbili za binti yangu zilizomkaa fupi. Siku ya kwenda ofisi ya taaluma, lakini, aende mwenyewe. Na stuli yake.