Shampuu ya maji: kupasha moto au kuchanganya baridi?

Kwa shampuu ya kawaida ya slesi (SLES, kemikali inayosafisha na kutoa povu), mimi nachanganya baridi. Ute wa slesi ni mzito kama asali iliyoganda. Ukiumwagia maji yote kwa pamoja, unabaki na mabonge yanayoelea. Mimina maji kidogo kidogo, koroga taratibu upande mmoja, kisha funika ndoo hadi asubuhi. Utakuta povu limetulia na mabonge yameyeyuka. Uzito unaletwa na chumvi, si moto. Nayo uiyeyushe kwanza kwenye maji, uongeze kwa kijiko, maana ikizidi shampuu inarudi kuwa nyepesi.

Moto una faida moja kubwa: muda. Maji ya uvuguvugu huyeyusha slesi haraka zaidi. Lakini manukato na dawa ya kuzuia kuoza visubiri mpaka mchanganyiko ushuke chini ya nyuzi 40, la sivyo harufu uliyoilipia inapotea na mvuke.

Kwa kawaida moto unahitajika ukitaka shampuu ya kung'aa kama lulu, au yenye nta na mafuta magumu. Hizo hupashwa hadi nyuzi 70 hivi ziyeyuke, kisha zipoe polepole huku unakoroga.