Bodi ya helikopta yangu imeyeyuka pua mbele ya macho yangu

Yakhe nna hasira mpaka leo, na hii imetokea kitambo kidogo kabla ya masika. Nliagiza bodi ya povu ya helikopta ya rimoti, umbo la Hughes 500, ile ya Kimarekani yenye kiwiliwili cha yai, ikachelewa weee mpaka nkakata tamaa. Ilipofika, sifichi, nliifurahia sana. Vipande viwili, wa kushoto na wa kulia vimekutana sawasawa, nkagundisha kwa epoksi ya dakika tano nkaibana na tepu ya karatasi usiku mzima, asubuhi ukipitisha kidole huuhisi hata mshono. Nkapiga msasa namba 320, pole pole, siku mbili.

Sasa njoo kwenye rangi. Nkenda duka moja Darajani, silitaji, na kipande cha povu nimekibeba makusudi nimuoneshe muuzaji. Nkamuuliza, kaka, hii ya kupuliza haili povu? Hata hajakiangalia, yuko na simu yake, kanjibu "hiyo inashika popote, bati, mbao, plastiki, we chukua." Nkachukua kopo mbili.

Nlipopuliza puani tu povu likaanza kunywea, likatoboka matundu matundu kama sega la nyuki, kile kidirisha cha mbele kikabaki kinaning'inia hakina pa kushika. Wallahi nlikaa barazani natazama tu. Kumbe zile rangi za kopo zina thina ndani, na povu hili, la aina ile ile ya maboksi ya TV, likikutana na thina linayeyuka kama sukari kwenye chai. Mie sikujua, ndo maana nkauliza!

Nkarudi siku ile ile na bodi yangu mkononi. Sikutaka hata pesa, nlitaka aseme samahani basi. Kanitazama juu mpaka chini, kanambia "mtu mzima na ndevu zako unalilia midoli? Mali ikishatoka hairudi." Mbele za wateja. Sikumjibu, nkatoka, lakini mikono ilikuwa inanitetemeka.

Alonisaidia ni fundi fenicha mmoja Mwanakwerekwe, hajapata kuona kitu kama hiki lakini alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza geuza, akanambia mwanangu hiki kipake kwanza gundi nyeupe ya mbao, itie maji kidogo, mara tatu, kila ikikauka unarudia, halafu rangi ya maji kwa brashi. Pua nkaijenga upya kwa povu la boksi la TV, nkaichonga, nkaipaka kama alivyosema, na imeshika kweli kweli. Angalieni mkiani tu msizidishe rangi, mkia ukiwa mzito balansi haikai tena kwenye shafti ya rota, kile chuma cha kati kinachozungusha mapanga ya juu, mie ilibidi betri niisogeze mbele.

Kwa hiyo bodi naipa tano kwa tano. Hapana, nne, maana karatasi ya maelekezo haina hata neno moja kuhusu rangi, wangeandika mstari mmoja tu haya yote yasingenikuta. Tatu basi. Duka sifuri. Ingawa brashi nliyopakia ile gundi nliinunua hapo hapo kwao na haijatoa unyoya hata mmoja, ni brashi nzuri, lakini kwa yule sirudi, nkitaka nyengine ntaifata hata Mkokotoni.