Pipa la mwaloni la lita 5: miezi yangu tisa ya kukomaza bia nyumbani Kimara

Pipa hili ninalo tangu Januari, nimelijaza bia mara mbili, kwa hiyo sasa naweza kulisemea. Ni mwaloni wa Marekani, limechomwa ndani kwa moto, lina koki ya mbao na mikanda minne ya chuma. Pamoja na usafiri lilinigharimu shilingi 340,000. Bia napika mwenyewe mwaka wa nne huu, na ladha ya mbao ndiyo iliyokuwa imenishinda kuipata.

Siku ya kwanza lilivuja vibaya. Nililiweka juu ya beseni, nikalijaza maji ya moto, na kila ubao ulipokutana na mwenzake maji yakachuruzika mpaka sakafu ya jikoni ikalowa. Nikampigia muuzaji kwa hasira. "Kaka, mbao zimekauka njiani. Liache linywe," akanijibu. Jioni akapita mjomba wangu, fundi seremala wa Keko, akapitisha kidole kwenye maungio, naye akasema hivyo hivyo: mbao ikishiba itavimba na kujibana yenyewe ndani ya mikanda. Nikawa naongeza maji kila yalipopungua. Asubuhi ya pili lilikuwa linatoa tone moja moja pembeni ya koki. Siku ya tatu, kavu kabisa.

Maji hayo yachemsheni kwanza. Ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na mbao huzaa harufu ya boksi lililoloa ambayo haitoki tena. Jiki ndiyo msiisogeze karibu kabisa.

Lawama yangu kubwa ni kwa karatasi ya maelekezo iliyokuja na pipa. Iliandika bia ikae ndani miezi mitatu. Mapipa ya viwandani yanayokomaza bourbon, ile wiski ya Marekani, huwa ya lita 200 hivi. Ukishuka hadi lita 5, kila lita ya bia inagusana na mbao nyingi zaidi mara kadhaa. Halafu ongeza joto la Dar mwezi wa Februari, chumba kinachemka hata usiku. Nilipoonja wiki ya sita, ulimi ulikauka kama nimetafuna kijiti cha meno. Ukali wa mbao ulikuwa umefunika kila kitu, na karibu nusu lita ilikuwa imeshayeyukia hewani kupitia mbao, nafasi yake ikaingia hewa. Nikaimwaga yote. Iliniuma sana, maana ile bia niliipika Jumamosi nzima.

Mara ya pili nikabadilisha mambo. Kwanza nililoweka pipa kwa Konyagi wiki mbili, nikiligeuza kila siku, ili ule ukali wa mbao mpya utoke. Nikapika lita 8 za bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa, yenye kilevi cha asilimia 9 hivi, kwa sababu bia nyepesi haihimili mwaloni. Nikaiacha ichache mpaka mwisho kwenye ndoo, ndipo nikaihamisha kwa mpira unaofika chini kabisa ya pipa, isirushe povu na kuvuta hewa. Lita zilizobaki nikazitunza kwenye chupa, za kujazia pipa linapopungua. Hiyo ilikuwa Julai, Dar imepoa kidogo, na pipa nililiweka kwenye korido, juu ya vigae.

Kila Jumamosi nilionja kijiko kimoja. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, harufu ya vanila kwa mbali. Siku ya 19 alikuja mdogo wa mke wangu, nikampa glasi ndogo bila kumwambia chochote. Akanusa, akanywa, akaniuliza: "Shemeji, humu umetia nazi?" Sikutia. Mwaloni wa Marekani ndivyo ulivyo, una mafuta yenye harufu ya nazi, na nilipomsikia akisema vile nilijua imefika. Siku ya 21 nikaitoa, nikaongeza hamira kidogo na sukari, nikajaza chupa.

Ukungu upo, hasa chini ya mikanda, kwa unyevu wetu huu. Naupangusa kila wiki kwa kitambaa chenye Konyagi. Na pipa lisikae tupu: litakauka livuje tena, au bia inayofuata igeuke siki.

Kama hujajua bado kupika bia iliyo safi, pesa hii iweke kwanza kwenye kimea kizuri. Kama umeshajua, nunua, na karatasi ya maelekezo iache kwenye boksi.

Langu sasa hivi, lisikauke wala kuota vijidudu, limejaa maji yenye gramu 2 za potasiamu metabisalfaiti (dawa ya kuzuia vijidudu) na gramu 1 ya asidi ya sitriki kwa kila lita. Bia ya tatu inamalizikia kuchacha kwenye ndoo. Mbao zimeshapungua nguvu, kwa hiyo hii nitaipa wiki tano, kijiko kila Jumamosi.