Uzoefu wangu: dishi la sentimita 90 la nyuzi 7 mashariki, Kigoma na Tabora

Dishi lenyewe halina shida. Bati lake ni gumu, na likitegwa vizuri linavumilia mvua kuliko lile la sentimita 60. Ninachokilalamikia ni karatasi ya maelekezo, maana haikumfikiria mtu wa huku kwetu.

Setilaiti ya Eutelsat inayobeba Azam TV iko nyuzi 7 mashariki, yaani juu ya ikweta kwenye longitudo 7, ambayo kwetu ni upande wa magharibi. Ukiwa Kigoma dishi linatazama karibu magharibi kamili, dira isome 281, mwinuko kutoka usawa wa ardhi nyuzi 63. Tabora dira ni 280, mwinuko 59. Dira ya simu isomee mbali na bomba linaloshika dishi na paa la bati. Usishangae uso wa dishi kuonekana unatazama chini kuliko namba hizo. LNB yake (kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi) haiko katikati, kwa hiyo hupokea kwa mkunjo wa nyuzi 20 na kitu.

Wengi wanahangaika kulizungusha kushoto na kulia. Kwa mwinuko huu, ukilizungusha nyuzi 2 kwenye bomba, mwale (njia ambayo dishi linapokea mawimbi) unahama kama nyuzi 1 tu. Kazi iko kwenye kupandisha na kushusha: mwale wa dishi hili una upana wa kama nyuzi 2 tu, na ukingo wa juu ukisogea milimita 8 kwenda nyuma umeshahama nyuzi 1. Ndiyo maana bomba lazima lisimame wima, lipimwe kwa pima maji pande mbili. Bomba likiinama, namba zilizochorwa nyuma ya dishi ni za uongo.

Halafu LNB. Karatasi inaichora imesimama wima, lakini kwa kuwa setilaiti iko magharibi yetu nasi tuko karibu na ikweta, inatakiwa izungushwe karibu robo duara, kama nyuzi 77. Ukiiacha wima, king'amuzi kinaonyesha nguvu ya mawimbi ya kutosha na ubora sifuri, au chaneli nusu zinakosekana. Legeza skrubu, izungushe taratibu ukiangalia mstari wa ubora. Ule wa nguvu usikushughulishe.

Kebo ya kutoka LNB hadi king'amuzi iwe aina ya RG6. Waya wa kati utokeze kama milimita 2 nje ya konekta, na uzi hata mmoja wa nyavu ya chuma iliyo ndani ya kebo usiuguse, utapiga shoti. Zima king'amuzi kabla ya kuchomeka. Kebo iachie mkunjo chini ya LNB ili maji yadondoke badala ya kuingia kwenye konekta.

Kwa Tabora yenye miembe mikubwa, kuna njia rahisi ya kujua kama mti unaziba. Karibu na tarehe 21 Machi na 21 Septemba, kati ya saa 8 na nusu na saa 9 alasiri, jua linapita nyuma ya setilaiti. Kivuli cha mwembe kikilifunika dishi saa hiyo, hamisha dishi. (Picha kukatika dakika chache siku hizo ni kawaida, usimwite fundi.)

Anayetaka DStv, nyuzi 36 mashariki, ajue dishi litatazama karibu utosini: nyuzi 83 Tabora, 80 na nusu Kigoma. Hakikisha kabla ya kununua kwamba kishikio cha nyuma kinafika huko.

Kukaza boliti ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kaza kidogo kidogo, huku na huku kwa zamu, mtu mwingine akisoma ubora ndani. Ubora ukishuka, legeza uanze tena kukaza upande wa pili.