Spilita ya elfu nne iliyogomesha video zangu za harusi: uzoefu wangu na intaneti ya kebo, Kisasa, Dodoma

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video: harusi, kipaimara, mahafali, hata misiba siku hizi. Zamani mteja alikuja na flashi yake. Sasa anataka linki awarushie ndugu walioko Mwanza na shemeji aliyeko Uingereza, tena anaitaka jana. Kwa hiyo intaneti kwangu ni kama cherehani kwa fundi nguo, na ikigoma siku imelala.

Ninachokizungumzia hapa ni kidude kinachoenea kiganjani: spilita ya waya wa kebo, kinachogawa mawimbi ya waya mmoja kwenda kwenye vifaa kadhaa. Nimekaa na mbili tofauti mwaka huu, moja ya shilingi 4,000 na nyingine ya 9,000, na kati ya hizo mbili nimepoteza mteja mmoja na usingizi wa wiki tatu hivi.

Intaneti yangu inaingia kwa waya uleule unaoleta TV, kutoka nguzo iliyo kona ya barabara. Nyumba niliyopanga ina uani vyumba ambavyo mwenye nyumba huvipangisha Bunge la bajeti linapoanza, Aprili. Mwaka huu vyumba vilijaa mapema, na kila mpangaji akataka TV. Mzee akaita fundi wa madishi. Fundi akaweka spilita ya njia nne, ndiyo ile ya 4,000, ukutani, chini ya bati, akatandaza waya kwenda kila chumba na kushuka kabla chai yangu haijapoa. "Dada, kila kitu kiko sawa," akaniambia, na kweli TV zote zilikuwa zinaonyesha. Yeye hakujua, nami sikukumbuka kumwambia, kwamba sebuleni kwangu nyuma ya kabati kulikuwa na spilita nyingine ya njia mbili, niliyoikuta tangu nahamia, ikigawa kati ya TV na modemu.

Kuanzia wiki ile, kupakua kulipungua kidogo tu, si cha kulalamikia. Balaa lilikuwa kwenye kupandisha. Video ya GB 6 naiacha usiku ikipanda, asubuhi naikuta imefika nusu, na taa ya modemu inapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Mara inakata dakika mbili, inarudi, inakata tena.

Nikalisingizia Bunge. Hapa mjini kila kitu husingiziwa Bunge, bei ya nyanya, foleni, gesti kujaa, basi na mimi nikasema wageni wamejaa, mtandao umelemewa. Huduma kwa wateja nao hawakunisaidia kufikiri: kila nikipiga naambiwa nizime modemu, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nilihesabu thelathini nyingi sana mwezi ule.

Kilichonifungua macho ni ukurasa ambao modemu nyingi za kebo zinao ndani yake. Ukiwa umeunganishwa, andika 192.168.100.1 kwenye kivinjari, utaona jedwali la namba. Mimi si fundi umeme, lakini nahariri sauti, na desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti au mawimbi, nazifahamu kidogo. Namba tatu ndizo za kuangalia. Ya kwanza ni nguvu ya mawimbi yanayoingia, inayopimwa kwa dBmV, yaani desibeli za kebo. Sifuri si ubaya hapo, ndiyo shabaha yenyewe. Modemu inavumilia kati ya -15 na +15, ila wanaojua kazi hupenda ikae kati ya -7 na +7. Ya pili ni uwiano wa mawimbi na kelele, ambao kwa chaneli za QAM 256 (namna ya kupakia data kwenye mawimbi) unapaswa uwe 33 au zaidi. Ya tatu ni nguvu ambayo modemu yenyewe inatumia kujibu kwenda kwenye mtambo wa kampuni.

Zangu zilisomeka hivi: kuingia -12, uwiano 31, kujibu 51.

Hiyo 51 ndiyo iliyokuwa inakula video zangu. Mtambo wa kampuni unataka kuzisikia modemu zote kwa kiwango kilekile. Kama njiani kuna kitu kinapunguza mawimbi, mtambo unaiambia modemu ipaze sauti, nayo inapaza, inapaza, mpaka inafika mwisho wa pumzi yake. Modemu yangu ni ya DOCSIS 3.0, kiwango cha intaneti ya kebo, na hupandisha kwa chaneli nne kwa pamoja; kwa mpangilio huo mwisho wake ndio hiyo 51. Ilikuwa inapiga kelele usiku kucha na bado haisikiki vizuri. Ndiyo maana TV zilikuwa nzima: TV inasikiliza tu, haijibu mtu.

Na spilita hupunguza kote kuwili, kwenda na kurudi. Ya njia mbili hupunguza desibeli 3.5 kwa kila tundu. Ukipeleka sehemu mia za nguvu, kila upande unapata kama 45, na kumi zinazobaki zinapotelea humohumo ndani. Ya njia nne hupunguza 7, yaani kila tundu linapata kama 20 katika ile mia. Uzifunge moja nyuma ya nyingine, kama nyumbani kwangu, hizo ni 10.5: modemu yangu ilikuwa inapokea tisa katika mia, kabla hata hujauhesabu waya. Mita 20 za RG6, waya wa kawaida wa kebo, hula karibu desibeli 4 kwenye masafa ya juu, tuseme MHz 750, ingawa kwenye masafa ya chini zinakula kama moja tu.

Nikataka uhakika kabla ya kumlaumu fundi wa watu. Jumamosi moja nikabeba modemu na ekstensheni ya umeme hadi nje, nikapanda kwenye stuli, nikaichomeka moja kwa moja kwenye waya unaotoka nguzoni. Wapangaji wakawa wananitazama kama nimerukwa na akili. Kuingia: +5. Kujibu: 38. Kampuni ilikuwa inaleta mzigo wake mzima mpaka ukutani, ukaibwa ndani ya nyumba.

Lakini hesabu yangu ilikuwa haikamiliki. Jumlisha spilita zote mbili na waya, bado kulikuwa na desibeli mbili hivi zisizo na mwenyewe. Nikaifungua ile ya fundi nikasoma maandishi yake: 5–2400 MHz. Hiyo ni ya madishi. LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, hushusha mawimbi kwa masafa ya kati ya MHz 950 na 2150, na ndiyo kazi spilita za aina hiyo zinazoijua. Kebo inafanya kazi chini ya hapo, na upande wa kupandisha uko chini kabisa, kuanzia MHz 5 hadi 42 au 65 kutegemea mfumo. Maandishi yanasema inaanzia 5, ila hii yangu ilikuwa inakula zaidi ya haki yake. Isitoshe haikuandikwa popote inapunguza kiasi gani. Ningeijua mapema hiyo alama ingenitosha.

Nikaenda kutafuta nyingine maduka ya eneo la One Way. Duka la kwanza kijana akaniuzia sifa badala ya kitu: "Mama, chukua hii ya 2400, ni kubwa kuliko hiyo ya 1000 unayoitaka." La pili hawakuwa nayo. La tatu nikapewa ya njia mbili iliyoandikwa 5–1000 MHz na -3.5dB kwenye kila tundu la kutokea, nzito mkononi, mfuniko wake umechomelewa badala ya kubandikwa kwa gundi. Shilingi 9,000. Nikachukua pia ya njia nne ya aina hiyohiyo, vizibo viwili vya omu 75 vya kufunga matundu yasiyotumika na konekta za kubana. Ukikuta ya njia tatu, soma matundu yake vizuri, maana nyingi zina tundu moja la -3.5 na mawili ya -7, na modemu ikiwekwa kwenye la -7 kwa bahati mbaya hutajua kwa nini unateseka.

Mpangilio mpya ndio kazi yenyewe, kuliko hata bei. Waya wa nguzoni unaingia kwenye ile ya njia mbili. Tundu moja linakwenda kwa modemu moja kwa moja, bila kituo njiani. Tundu la pili linalisha ile ya njia nne, na TV zote, pamoja na yangu ya sebuleni, zikagawane huko. Spilita ya nyuma ya kabati nikaing'oa kabisa.

Jioni ile namba zilikuwa hivi: kuingia -2.4, uwiano 37, kujibu 42.5. Video ya GB 6 ikapanda kabla sijamaliza kula. Tangu Mei mpaka sasa modemu haijakata kwa sababu ya mawimbi hata mara moja. Umeme ni habari nyingine.

Si kwamba haina kasoro. TV ya chumba cha mwisho uani, ambayo sasa inapokea mawimbi yaliyopita spilita mbili na waya mrefu, ilianza kuganda kwenye chaneli za masafa ya juu. Dada mpangaji hakufurahi, na alikuwa na haki, kwani kodi ya Bunge si ndogo. Fundi akashauri busta. Nilikataa, kwa sababu busta hukuza mawimbi pamoja na kelele zake, na zile za bei rahisi nyingi hazina njia ya kurudi, kwa hiyo siku mtu akiifunga kabla ya modemu, kujibu kunakufa. Tulipoikagua konekta ya chumba kile tukakuta nyuzi za kava zimegusa waya wa katikati. Tukaikata, tukafunga ya kubana, picha ikatulia. Tundu la nne lisilo na TV tukaliwekea kizibo, maana tundu likiachwa wazi mawimbi hugonga na kurudi nyuma, na redio za FM nazo hupata mlango wa kuingilia.

Jirani yangu wa karibu na nguzo, mzee wa Kigogo ambaye hawezi kunijibu swali kabla hatujamalizana na salamu ya "mbukwa", aliposikia habari hizi akaja mbio kung'oa spilita yake. Nikamwomba tusome namba kwanza. Bila spilita alikuwa na +13, na makosa yasiyosahihishika, yaani data iliyoharibika njiani ikashindikana kurekebishwa, yanapanda kila nikisasisha ukurasa. Tukairudisha, modemu kwenye tundu la -7, ikakaa +6, makosa yakasimama. Kwake spilita ni dawa.

Oktoba hii, kwenye jua la saa nane, namba yangu ya kuingia inashuka kama desibeli moja, waya ukipata joto hula zaidi, kisha jioni inarudi. Hilo halinisumbui. Mvua za Desemba ndizo ninazozingoja. Konekta za nje nimezizungushia mpira na kuukunja waya chini kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye spilita.

Ya 9,000 naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeitoa kwa sababu skurubu zake zilianza kutu ndani ya miezi miwili tu. Ya 4,000 sikuitupa. Mwenye nyumba aliiomba, akaifunga kwenye dishi lake la zamani kulisha ving'amuzi viwili, na huko kwenye masafa yake inafanya kazi vizuri. Shida ni moja tu: bibi akifungua tamthilia yake iliyoko upande wa H wa LNB (mawimbi yaliyolala), taarifa ya habari ya mzee iliyoko upande wa V (yaliyosimama) inakatika, na mzee bado anaamini ni Bunge.