Amana ya Pango Mikononi mwa Wanafunzi wa Sheria: Tathmini ya Kliniki ya Msaada wa Kisheria

Nilikwenda kwenye kliniki ya msaada wa kisheria inayoendeshwa na wanafunzi wa sheria nikiwa na dai ambalo kwa wengine ni dogo, lakini mimi lilininyima usingizi: mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga alikataa kunirudishia amana ya pango, akidai kwamba nilihama bila kumkabidhi nyumba na kwamba nilimwachia kuta zilizoharibika. Huduma hiyo ni ya bure, na niliingia nikihofu kwamba wanafunzi wangejifunzia kwenye shauri langu. Walijifunza kweli, na baada ya kuhudumiwa mara tatu nimeona kwamba ubora wa huduma unaanzia hapo hapo, kwa sababu mtu anayejifunza chini ya macho ya wakili haruki hatua.

Nilipokelewa na wanafunzi wawili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kuandika. Kabla sijaeleza lolote waliomba jina la mwenye nyumba ili wahakikishe kwamba kliniki haijawahi kumshauri yeye kuhusu jambo hilohilo, maana haiwezekani kumtumikia mdai na mdaiwa kwa pamoja. Kisha walinieleza kwa lugha nyepesi kwamba wao si mawakili, kwamba hawataniwakilisha mahakamani, na kwamba nitakayosema yatabaki kati yetu na wakili msimamizi. Zipo nchi ambazo kanuni zao huwaruhusu wanafunzi kusimama mbele ya baadhi ya mahakama wakiwa na msimamizi. Kliniki hii haina ruhusa hiyo, na nilifurahi kuambiwa mapema.

Mahojiano yalichukua karibu saa nzima. Nilikuwa nimebeba mfuko wa karatasi zilizochanganyika, na mwanafunzi aliyekuwa akiuliza alizitandaza mezani, akazipanga risiti kwa tarehe, kisha akausoma mkataba wa upangaji kifungu kwa kifungu huku kidole chake kikifuata mistari. Mimi nilitaka kuzungumzia kuta, kwa kuwa ndizo zilizoniudhi. Yeye aliniuliza, "Mama, ufunguo uliukabidhi tarehe ngapi, na nani alishuhudia?" Sikuwa na shahidi wala karatasi ya makabidhiano. Akauliza kama tuliwahi kuandikiana ujumbe wa simu, nami nilipotafuta nikaukuta ujumbe mfupi wa mwenye nyumba mwenyewe: amepokea ufunguo, asante. Alinisihi nisiufute, nisibadilishe simu kabla ya kuuhifadhi, na nitoe nakala inayoonyesha namba iliyoutuma pamoja na tarehe. Ujumbe huo nilikuwa nao miezi minne bila kujua uzito wake.

Jambo jingine linalostahili sifa ni kwamba hawakunijibu siku hiyo. Nilipowauliza kama nitashinda, yule mwandishi alisema wazi kwamba hawajui bado, watafanya utafiti na kumwonyesha msimamizi kabla ya kunipa ushauri. Siku tisa baadaye nilipokea ushauri wa maandishi wa kurasa mbili, uliotenganisha yale ninayoweza kuyathibitisha na yale ninayoyadai kwa mdomo tu, na pamoja nao barua ya madai iliyokuwa tayari kwa saini yangu. Rasimu ya kwanza, walinieleza, ilirudishwa na wakili kwa sababu ilimtuhumu mwenye nyumba kwa wizi; barua niliyoitia saini ilitaja kifungu cha mkataba, kiasi cha amana, tarehe ya ufunguo na siku 14 za kujibu, bila neno hata moja la hasira.

Mwaka 1933 mwanasheria wa Marekani, Jerome Frank, alihoji kwa nini wanafunzi wa sheria wasifunzwe kama wanafunzi wa udaktari, ambao hukutana na wagonjwa wangali masomoni. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa nao, katika kanuni na miongozo yake kuhusu msaada wa kisheria katika kesi za jinai, ulizitaja kliniki za vyuo vikuu miongoni mwa njia za kuufikisha msaada huo kwa watu. Shauri langu lilikuwa la madai, lakini nikimkumbuka yule binti na risiti zangu, naelewa vyema Frank alimaanisha nini.

Kasoro zipo, na zinapaswa kusemwa kwa sababu watu wanaotegemea huduma hii hawana pengine pa kwenda. Meza za mahojiano zimetenganishwa na sehemu ya kusubiri kwa pazia tu. Nikiwa kwenye foleni nilisikia habari za mirathi ya familia nisiyoifahamu, ilhali sote tulikuwa tumeahidiwa usiri. Kubwa zaidi ni kalenda. Barua yangu ilitumwa wiki moja kabla ya mitihani, kliniki ikafungwa, na mwenye nyumba alipojibu hapakuwa na mtu wa kunisomea jibu lake kwa wiki tano. Kliniki ilipofunguliwa nilikuta wanafunzi wengine, nikalazimika kusimulia upya mambo ambayo yalikuwa jaladani. Mitihani haisimamishi ukomo wa muda wa kufungua shauri, na mteja ambaye muda wake umebaki siku chache anaweza kupoteza haki yake mlango ukiwa umefungwa. Wakili mmoja wa zamu wakati wa likizo, hata kwa siku moja kwa wiki, angetosha.

Mwenye nyumba alikubali kurudisha amana baada ya kukata gharama ya kupaka rangi chumba kimoja. Wanafunzi hawakunichagulia; walinionyesha nitakachopata nikikubali, na muda na usumbufu utakaonigharimu nikienda mahakamani kudai kilichobaki. Nilikubali. Fedha zilipoingia walinirudishia nakala halisi zote kwa orodha niliyoitia saini, pamoja na barua ya kufunga jalada inayoeleza walichokifanya, wasichokifanya, na tarehe ambayo baada yake nisingeweza tena kumshtaki mwenye nyumba kuhusu amana hiyo.